Kikombe cha pili: kisa cha chanjo ya kipindupindu Unguja na Pemba, 2009

Shangazi yangu alikunywa kikombe kimoja, cha pili hakukidiriki. Cha kwanza kilikuwa Januari 2009. Alisimama foleni na wanawake wenzake wa shehia, yaani mtaa ulio chini ya kiongozi aitwaye sheha, kanga moja kichwani na moja kiunoni, akapewa kikombe cha plastiki chenye maji yanayotoa mapovu kama soda, akakinywa mpaka chini. Februari wachanjaji waliporudi, ilikuwa bamvua. Maji yalikupwa yakaacha mwamba mtupu, na kwa mtu wa pwani ya kusini ya Pemba siku kama hiyo ni ya kwenda kuchokoa pweza na kuokota kombe. Akabeba tenga lake, akenda zake. Aliporudi alasiri, meza ilikuwa imeshakunjwa na watu wametawanyika.

Miaka kadhaa baadaye tumekaa barazani, akaniuliza: "Mwanangu, hebu nambie wewe uliyesoma. Mimi nilichanjwa au sikuchanjwa?"

Nikamwambia: "Nusu, shangazi." Akacheka, yakaisha. Lakini jibu lile halikunikaa moyoni, kwa sababu tangu siku ile hakuwahi kuugua kipindupindu, na mlipuko ulikuja, tena mwaka uleule. Nimekisoma kisa hiki tangu mwanzo wake ili nimjibu vizuri zaidi. Nilichokikuta ni kwamba swali lake halina jibu ukimtazama yeye peke yake. Jibu liko kwa majirani zake.

Ugonjwa wenyewe

Kipindupindu si mgeni visiwani. Karne ya 19 kilitufikia zaidi ya mara moja, kikifuata njia za misafara na za vyombo, na lile wimbi la 1869 hadi 1870 liliua watu wengi mno mjini Unguja. Kwa zama zetu, mlipuko wa kwanza kuandikwa ni wa 1978, katika kijiji cha wavuvi: wagonjwa 411, wakafa 51. Maana yake kila wagonjwa wanane, mmoja alizikwa. Tangu hapo kikawa kinakwenda na kurudi, aghalabu mvua zikishakolea, masika au vuli, pale maji ya vyoo yanapokutana na maji ya visima.

Aliyewahi kuuguza mgonjwa wa kipindupindu hahitaji kuelezwa. Choo kinageuka maji meupe, kama yale unayomwaga baada ya kuosha mchele, na hakina maumivu makubwa ya kumtisha mtu mapema. Kinatoka tu. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza lita nzima ya maji kwa saa moja. Macho yanazama, vidole vinakunjamana kama vya mtu aliyeshinda anafua, na ukiivuta ngozi ya tumbo inabaki imesimama pale ulipoiachia. Mtu aliyeswali Alfajiri mzima anaweza asiifikie Magharibi.

Na dawa yake ni rahisi kuliko dawa nyingi: maji ya chumvichumvi ya kunywa, na dripu kwa aliyelegea. Akiwahiwa, hafi hata mmoja katika wagonjwa 100. Tatizo letu ni hilo neno "akiwahiwa". Usiku wa manane, mvua inanyesha, gari hakuna, mgonjwa anabebwa kwa kitanda. Saa anazo chache, na njia inazila.

Ndiyo maana kinga ina thamani kubwa zaidi mahali kama petu kuliko mahali ambapo hospitali iko mtaa wa pili.

Kilichokuwa ndani ya kikombe

Wizara ya Afya ya Zanzibar, ikishirikiana na Shirika la Afya Duniani na Taasisi ya Kimataifa ya Chanjo yenye makao yake Seoul, Korea Kusini, ilichagua shehia sita ambazo kipindupindu kilizizoea. Unguja zilikuwa Chumbuni, Karakana na Mtopepo, pembezoni mwa mji, nyumba zimebanana na maji ya mvua hayana pa kwenda. Pemba zilikuwa Kengeja, Mwambe na Shamiani, huku kwetu Wilaya ya Mkoani. Wote wenye umri wa miaka miwili na kuendelea walitakiwa kunywa, isipokuwa wajawazito. Bure, bila sindano.

Chanjo iliitwa Dukoral. Ndani yake mna vimelea vya kipindupindu vilivyokwisha kuuawa, pamoja na kipande kimoja cha ile sumu yao. Hapa inafaa nisimame kidogo, maana ndipo panapoeleweka chanjo inafanya nini.

Kimelea cha kipindupindu chenyewe hakitafuni utumbo. Kinajishika kwenye ukuta wake na kumwaga sumu. Sumu hiyo ina sehemu mbili: moja kazi yake ni kushika, kama mkono unaokamata kitasa cha mlango, na nyingine ndiyo inayoingia ndani na kuamuru seli zimwage chumvi na maji bila kusita. Ile ya kushika peke yake haimdhuru mtu. Basi watengenezaji wa chanjo wakaichukua hiyo, wakaichanganya na vimelea vilivyokufa, wakaupa mwili nafasi ya kuvisoma vyote viwili kwa utulivu. Utumbo unajifunza sura ya adui na sura ya mkono wake. Unatengeneza kingamwili zinazokaa palepale kwenye ukuta, mlangoni, na unaweka seli za kumbukumbu. Siku kimelea hai kikishuka na maji ya kisima, kinakuta kitasa kimeshashikwa.

Kwa nini kinywaji na si sindano? Kwa sababu adui huyu anapigana ndani ya utumbo, na utumbo una askari wake. Kinga iliyojengwa kwa kupitia njia ileile ya ugonjwa inakaa pale inapohitajika.

Kwa nini mapovu? Tumbo lina asidi kali, na asidi hiyo ingekiharibu kile kipande cha sumu kabla hakijafika utumboni. Kwa hiyo kila kikombe kilianza na unga wa magadi ulioyeyushwa katika mililita 150 za maji safi, ukachemka mapovu, ndipo chanjo ikamiminwa. Mtoto wa miaka miwili hadi sita alipunguziwa: nusu ya maji ya magadi humwagwa kwanza, chanjo ikatiwa kwenye nusu iliyobaki. Na aliyekunywa alitakiwa asile kitu kwa saa nzima kabla na saa nzima baada yake.

Sasa piga picha hiyo kazi. Foleni ndefu, jua la kaskazi, watoto wanalilia andazi la mama lishe aliye hatua kumi kutoka pale, na mtu wa meza anapima maji, anakoroga, anamwaga nusu, anatia chanjo, anaandika jina, anamshikia mtoto kikombe. Kisha anayefuata.

Nimepiga hesabu yangu mwenyewe ya maji. Waliomaliza vikombe viwili walikuwa 23,921. Kila mmoja vikombe viwili, kila kikombe mililita 150: hata ukiwapunguzia watoto, ni lita zinazokaribia 7,000 za maji safi na salama, kupelekwa katika shehia ambazo shida yao ya kwanza ilikuwa hiyohiyo ya kukosa maji safi na salama. Mtu asiyejua Pemba anaweza kuliona hilo kuwa jambo dogo. Mimi naliona kuwa nusu ya ushujaa wa kampeni nzima, na ulifanywa na watu wa kawaida, masheha, wauguzi wa vituo na vijana wa kujitolea, waliobeba madumu.

Mwaka uliofuata

Waliostahiki kunywa katika shehia zile sita walikuwa 48,178. Waliokunywa vikombe vyote viwili ndio hao 23,921, karibu nusu.

Nusu. Ukiisikia hesabu hiyo mara ya kwanza unaweza kusema kampeni imefeli. Hasa ukijua kwamba kabla ya vikombe kuletwa watu waliulizwa, na karibu wote walisema chanjo ikiwa bure watakunywa.

Kisha kipindupindu kikaja. Watafiti waliwafuatilia watu wa shehia zile kuanzia Februari 2009 mpaka Mei 2010, na katika kipindi hicho mlipuko ulizuka, ukapimwa. Kipindi chenyewe kilikuwa kigumu. Kuanzia Desemba 2009 Unguja ilikosa umeme kwa miezi mitatu, waya wa chini ya bahari kutoka bara ulipoharibika. Waliokuwepo wanakumbuka: pampu kimya, mifereji mikavu, watu wamerudi kwenye visima vya zamani na kununua maji ya mikokoteni bila kuuliza yametoka wapi. Chanjo hii ilijaribiwa katika maisha yetu halisi, yaliyo mbali na chumba safi cha maabara.

Matokeo yalichapishwa 2012. Waliokunywa vikombe viwili walikingwa kwa asilimia 79. Kwa lugha ya barazani: pale ambapo wangeugua watu 100 bila chanjo, waliugua kama 21. Wagonjwa kwa jumla hawakuwa wengi sana, kwa hiyo watafiti wenyewe waliweka mipaka mipana, kwamba kinga halisi inaweza kuwa popote kati ya asilimia 47 na 92. Nayataja haya mawili pamoja kwa makusudi. Mtu anayekuambia 79 akanyamaza, amekupa nusu ya habari. Hata hivyo ule mpaka wa chini kabisa bado unamaanisha karibu nusu ya wagonjwa kuepushwa, na kwangu mimi hilo linatosha kumpeleka mtoto wangu kwenye foleni.

Lakini lililonifanya nisome usiku mpaka mafuta ya taa yakakaribia kwisha ni jambo la pili. Kwa sababu kila nyumba ilikuwa imeandikwa mahali ilipo, watafiti waliweza kuuliza swali ambalo watu wengi hawafikirii kuuliza: wale ambao hawakunywa kabisa, walipatwa na nini? Wakaitazama kila nyumba na ujirani wake, wakaangalia wangapi pale walikunywa. Wakakuta kwamba asiyekunywa aliye katikati ya majirani waliokunywa kwa wingi, hatari yake ya kuugua ilikuwa ndogo kuliko ya asiyekunywa mwenzake aliye katikati ya wasiokunywa. Kadiri ujirani ulivyokunywa zaidi, ndivyo yeye alivyosalimika zaidi.

Hakuna muujiza hapo. Kipindupindu hakiruki hewani. Kinatoka katika choo cha mtu mmoja, kinaingia katika kinywa cha mwingine, kwa kupitia maji, mikono, kata ya kuchotea maji, sahani ya shughuli. Kila aliyechanjwa akakingika ni choo kimoja kisichomwaga mamilioni ya vimelea kuelekea kwenye kisima. Katika ardhi ya mawe, ambako kuchimba choo cha kina ni kazi ya wiki na watu wanachota kisima kimoja, choo cha jirani yako ni jambo lako. Wazee wetu walilijua hilo bila hadubini, ndiyo maana waligombana kuhusu umbali wa choo na kisima mpaka kwa sheha.

Nilipomweleza shangazi, alinyamaza kidogo akasema: "Kwa hiyo walionisaidia ni kina mama wa nyumba ya pili, waliobaki siku ile wakanywa."

Nikamwambia, "Huenda, shangazi." Sikuweza kusema zaidi ya hapo, wala nisingependa mtu mwingine aseme zaidi. Hesabu hizi ni za ujirani na ujirani. Haziwezi kukuthibitishia kwamba bibi fulani, katika nyumba fulani, aliokolewa na kikombe cha fulani. Watafiti walipohesabu waliochanjwa, walihesabu waliokunywa viwili. Yeye mwenye kimoja hakuwa miongoni mwao. Kinga kamili hakuwa nayo, ila alikuwa na majirani wenye nayo.

Nusu nyingine

Nimewasikia watu, wengine wana shahada, wakisema wasiokunywa chanjo ni watu wajinga au wana itikadi. Neno hilo linaniudhi, na kisa hiki kinalikataa. Watu waliokwisha kusema watakunywa, wengi namna ile, hawakugeuka wapinzani kwa wiki chache. Mimi ninaowajua, kila mmoja ana sababu yake. Mmoja alikuwa dago, kambini ufukweni, na wavuvi wenzake, hakurudi mpaka upepo ulipogeuka. Mwingine alisafiri Tanga kumwangalia mgonjwa. Yupo aliyekunywa chai asubuhi, akaambiwa asubiri saa nzima, akaona saa nzima ni nyingi na mpunga unamngoja. Na shangazi na bamvua lake.

Hofu ilikuwepo pia, sitaificha. Kina mama waliulizana kama kinywaji hicho kinafunga uzazi. Swali la mwanamke kuhusu uzazi wake linastahili jibu, na kwa bahati njema jibu lilipatikana hapahapa. Wajawazito hawakutakiwa kunywa, lakini walikuwepo waliokunywa bila kujua kwamba wana mimba changa. Watafiti waliwatafuta, wakawafuata mpaka wakajifungua, wakawalinganisha na wajawazito ambao hawakunywa. Hawakuona tofauti ya madhara kwa mama wala kwa mtoto. Taarifa hiyo, iliyotoka kwa wanawake wa Zanzibar, imewasaidia wajawazito wa nchi nyingine walioruhusiwa kuchanjwa baadaye. Ningefurahi kama kina mama wenyewe wa Kengeja na Chumbuni wangeelezwa kwamba wao ndio chanzo cha elimu hiyo. Sijakutana na hata mmoja aliyeambiwa.

Jambo la kufuatilia waliotoa miili yao kwa ajili ya elimu, na kurudi kuwaeleza kilichoonekana, nalitazama kuwa deni. Majedwali yalichapishwa kwa Kiingereza, nje. Barazani hayajafika mpaka leo.

Kikombe kina muda wake

Kinga hii haidumu kama ya surua. Kwa mtu mzima Dukoral inahesabiwa miaka miwili, na kwa mtoto mdogo chini ya miaka sita ni miezi sita tu, kisha anahitaji kuongezewa. Kwa hiyo Septemba 2015 kipindupindu kiliporudi Zanzibar kwa nguvu, mlipuko ulioendelea hadi 2016 na kupata wagonjwa zaidi ya 4,000, wale waliokunywa 2009 hawakuwa tena na cha kujivunia. Waliosema "mbona tulichanjwa?" walikuwa na haki ya kuuliza, kwa sababu hawakuelezwa kwamba kikombe kina tarehe ya mwisho ndani ya mwili.

Serikali baadaye iliweka mpango wa kukitokomeza kipindupindu visiwani, wa miaka 2018 hadi 2027, na ndani yake maji safi, vyoo na chanjo vimewekwa pamoja. Mpangilio huo ni sahihi. Chanjo inanunua muda. Mabomba ndiyo yanayotakiwa kuchimbwa katika muda huo. Miaka sita baina ya 2009 na 2015 ilikuwa ya kuchimbia mabomba.

Chanjo nazo zimesogea. Za sasa hazihitaji magadi wala mililita 150 za maji. Ni kimiminika kidogo kwenye kichupa cha plastiki, unavunja shingo yake na kummiminia mtu kinywani, na hata mtoto wa mwaka mmoja anapewa. Akiba ya dunia ya chanjo hizi ilianzishwa 2013. Lakini mahitaji yamekuwa makubwa kuliko uzalishaji, na tangu Oktoba 2022 nchi zenye milipuko zimekuwa zikipewa dozi moja kwa mtu badala ya mbili, ili chanjo iwafikie wengi. Kwa namna fulani dunia nzima sasa iko alipokuwa shangazi, na kikombe kimoja.

Mwezi uliopita nilichukua kalenda nikarudi nyuma mpaka mwaka ule. Februari 2009 mwezi ulipevuka tarehe 9. Mzee yeyote wa pwani angeweza kuwaambia wapangaji, miezi mingi kabla, kwamba siku mbili tatu kuanzia hapo maji yatakupwa sana na wanawake hawatakuwa majumbani asubuhi. Watarudi maji yakijaa, baada ya Adhuhuri, na wataweza kupanga foleni mpaka jioni. Nilimuuliza shangazi kama angekunywa iwapo meza ingebaki hadi saa kumi na mbili.

"Ningekunywa na tenga langu kichwani," akasema.